Kutoka Msafara wa Kivoi Hadi M-Pesa: Safari ya Pesa Kitui na Makueni

Leo naweka kando lugha za programu, tuzungumze historia kidogo.

Ukisoma habari za M-Pesa mahali pengi utaambiwa ilianza Nairobi tarehe 6 Machi 2007, ikawa muujiza, basi. Mimi ni mtengenezaji wa programu, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika mifumo ya malipo ya simu kwa wafanyabiashara wadogo wanaonunua ndengu na maembe kule Kitui na Makueni. Kadiri ninavyoifanya kazi hiyo ndivyo ninavyoona kwamba shida tunazojaribu kutatua ni za zamani kuliko simu, kuliko benki, hata kuliko reli. Nazo ni mbili tu. Mali itamfikiaje salama mtu aliye mbali? Na anayepokea atajuaje kwamba kweli imefika?

Tuanze na misafara. Katikati ya karne ya 19 Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu kati ya bara na pwani. Pembe za ndovu zilishuka kutoka Kitui hadi Mombasa; nguo, shanga na waya zikapanda kurudi bara. Tajiri aliyejulikana sana alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Krapf akiwa katika msafara huo huo. Hapo ndipo tunapoona usalama wa malipo wa enzi hizo ulivyokuwa: wingi wa watu, mishale, na jina la mwenye msafara. Mali na thamani yake vilisafiri pamoja, kwa hiyo aliyeteka msafara aliteka vyote.

Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, sehemu ambazo leo ni kaunti ya Makueni. Vijana wakaenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi, na safari ya pesa ikageuka: sasa zilitoka mjini kwenda nyumbani. Aliyekuwa na subira alitumia hawala ya posta, na mpokeaji akafunga safari hadi posta yenyewe. Asiye na subira alitia noti kwenye bahasha, akampa konda wa basi au jirani anayekwenda likizo. Mfumo huu ulifanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu konda alijulikana kwao. Lakini bahasha haikuwa na risiti. Ikipotea, ni neno lako dhidi ya neno lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kufika kwenye simu, kuna mwaka mmoja ambao mtu yeyote anayeandika programu za malipo anapaswa kuujua. Mwaka 1984 ukame uliikumba Ukambani (Makueni wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, ilipata kuwa wilaya mwaka 1992). Wakamba huzipa njaa zao majina, na njaa ile waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa nikiwa nimeshika". Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi lakini dukani hapakuwa na mahindi ya kununua. Jina hilo linafundisha jambo ambalo sikulisikia chuoni katika miaka yote ya shahada yangu: pesa ni ahadi tu, na ahadi ina thamani pale tu ambapo kuna mtu upande wa pili wa kuitimiza.

Haya, sasa tuje kwenye simu. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kwa ushirikiano na Safaricom na kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Lengo la kwanza halikuwa kutuma pesa nyumbani hata kidogo. Wateja wa shirika la mikopo midogo, Faulu, walitakiwa kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini walipopewa chombo hicho wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi waliliona hilo, wakabadilisha mpango. Kwa kifupi, kazi halisi ya M-Pesa ilivumbuliwa na watumiaji. Ilipozinduliwa mwaka 2007 uliweza kutuma kuanzia shilingi 100 hadi 35,000, na kumtumia aliyejiandikisha kuligharimu shilingi 30.

Kwa upande wa ufundi, uamuzi wa busara ulikuwa kuiweka menyu ndani ya laini ya simu yenyewe. Haikuhitaji intaneti wala simu ya bei. Unaandika nambari ya siri, laini inaisimba (yaani inaigeuza kuwa fumbo) kwa ufunguo uliomo ndani yake, kisha ombi linasafiri kama ujumbe mfupi. Tarakimu 4 zina michanganyiko 10,000 tu, ambayo tarakilishi ingeimaliza kwa kufumba na kufumbua. Kinachookoa ni kwamba mfumo hukufunga ukikosea mara chache, na mwizi lazima awe pia na laini yako.

Lakini pesa zenyewe hazisafiri! Kinachobadilika ni tarakimu kwenye daftari, huku shilingi zenyewe zikiwa zimewekwa benki kwa dhamana. Mwishoni mwa 2008 kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliagiza ukaguzi wa huduma hiyo, na Januari 2009 serikali ikatangaza kwamba ilionekana ni salama. Daftari lilikuwa zima.

Je, udhaifu uko wapi basi? Uko pale pale ulipokuwa zamani za konda: kwenye mkono wa binadamu.

Mkono wa kwanza ni wa wakala. Mjini watu huweka pesa, kijijini hutoa. Kwa hiyo wakala wa ndani kabisa Kitui huwa na floti tele kwenye simu lakini noti zinamwishia, na benki iko mbali. Mama aliyetumiwa pesa za dawa anaziona kwenye simu na hawezi kuzigusa. Nafa nikiwa nimeshika!

Mkono wa pili ni wa tapeli. Hahangaiki na ufunguo wa laini. Anakutumia ujumbe unaofanana na ule wa kweli, kisha anapiga simu akilia kwamba ametuma kimakosa, umrudishie. Siku ya soko, mwenye magunia ya ndengu anaonyeshwa ujumbe wa namna hiyo na gari linaondoka na mzigo wake. Wengine huenda wakadanganya ili wapewe laini mpya yenye nambari yako.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, njia rasmi ya programu zetu kuzungumza na M-Pesa. Kwangu mimi faida yake kubwa ni kwamba programu ya mnunuzi wa ndengu haihitaji tena kuamini ujumbe ulioandikwa kwenye kioo cha simu. Taarifa ya malipo inatoka kwenye daftari lenyewe. Mkulima asiye na programu anaweza kufanya vivyo hivyo bure: asisome ujumbe, aangalie salio lake kwanza, ndipo aachie gunia.

Wataalamu Tavneet Suri na William Jack walionyesha kwamba nyumba zenye M-Pesa zilipopatwa na msiba matumizi yao hayakushuka, huku yale ya nyumba zisizo nayo yakishuka kwa takriban asilimia 7. Hilo si jambo dogo katika nchi ya ukame. Jamaa aliye Mombasa anamwokoa nduguye Mutomo kwa dakika moja, kazi ambayo bahasha ya konda ingeifanya kwa siku mbili, ikiwa ingefika.

Nadhani funzo kwetu sisi tunaoandika mifumo hii ni jepesi kulitaja na gumu kulitekeleza. Ujumbe si noti, na noti si mahindi. Tunapopima programu zetu tusiishie pale sava inapojibu kwamba malipo yamekamilika. Tupime hadi pale wakala anapohesabu noti, na duka la Mutomo linapokuwa na unga.