KMTC Ikikaribia Miaka 100: Kutoka Nairobi hadi Salaita

Mwaka 2027 Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu cha Kenya, KMTC, kitatimiza miaka 100. Kwa muda mrefu wa karne hiyo, watu wa Salaita, kati ya Maktau na Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, walikiona kuwa chuo cha Nairobi tu. Muuguzi alisomea mbali, akaletwa na barua ya serikali, na barua nyingine ya uhamisho ikaweza kumwondoa wakati wowote.

Kilima cha Salaita kinajulikana kwa mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walijaribu kuwang'oa Wajerumani hapo wakarudishwa nyuma. Ila katika vita vile vya Afrika Mashariki maradhi yaliua kuliko risasi. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Uganda iliwachukua vijana waliosoma shule za misheni na kuwafunza kuuguza vita vikiwa bado vinaendelea. Kenya ilingoja hadi 1927, mafunzo rasmi yalipoanza Nairobi, katika hospitali ya Waafrika ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Baada ya uhuru madaktari walikuwa wachache mno, nao wengi walibaki mijini. Mzigo wa mashambani ukawaangukia wauguzi na maafisa wa kliniki. Afisa wa kliniki husoma diploma miaka 3, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi. Humpima mgonjwa, humwandikia dawa, hushona jeraha, na humpa rufaa anayehitaji daktari. Bila kada hii zahanati na vituo vingi vya afya nchini vingekuwa majengo matupu.

Mwaka 1990 sheria ya Bunge ilikipa chuo bodi yake, na tangu hapo mabewa yameenea hadi kupita 70. Bewa la Voi ni mojawapo, na umuhimu wake unaonekana ukiitazama ramani: zaidi ya nusu ya Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo, na vijiji vimetawanyika pembezoni mwake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010, likarudia 2021, kwamba wanafunzi wachukuliwe kutoka mashambani na wafunzwe karibu na huko, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki. Kijana wa Mwatate anayesomea Voi hahitaji kuelezwa maana ya kumfikisha mama mjamzito hospitalini usiku, ndovu wakiwa njiani.

Chuo peke yake hakimfikii kila mtu. Mkakati wa afya ya jamii wa 2006 ulileta wahudumu wa kujitolea, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kwa miaka mingi walitembea nyumba kwa nyumba bila malipo ya uhakika, na hilo halikuwa haki. Mwaka 2023 serikali iliwapa karibu wahudumu 100,000 nchini mikoba ya vifaa, na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikawatambua. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Ndani ya mkoba kuna kipimajoto, mashine ya presha, kifaa cha kupima sukari na utepe wa mkono. Utepe huo huzungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na lazima apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Kituoni sharti awepo mtu wa kumpokea. Tangu 2013 kuajiri wauguzi na maafisa wa kliniki ni kazi ya kaunti, ilhali wahitimu wengi wa KMTC wangali nyumbani na vyeti vyao. Miaka 100 ya chuo ni wakati unaofaa wa kaunti kutenga fedha za kuwaajiri, zikianza na zahanati zilizo mbali zaidi na lami.