Kiendeshi cha Skrini ya Mguso

Kiendeshi, kwa mafhumu ya elimu ya kompyuta, ni programu isimamayo baina ya kifaa na kiini cha mfumo, ikazipokea ishara zitokazo katika kifaa hicho na kuzifasiri kwa ibara ambayo kiini huifahamu. Wapo wapendao kuiita dereva, na neno hilo limekwisha kuzoeleka vinywani. Lakini dereva ni mtu mwenye leseni na usukani, ilhali umbo la kiendeshi, mfano wa kiunganishi na kielezi tulivyovizoea katika sarufi, labainisha kwamba tunanena juu ya kitu.

Hata hivyo, hitilafu iliyo kubwa zaidi si ya jina, bali ni ya mpaka wa maana. Mtu aliyeitundika skrini ya mguso juu chini, akaigeuza picha katika mfumo wa Linux ipate kusomeka, kisha akagusa pembe ya juu kushoto na kuona kishale kikirukia chini kulia, aghalabu hutamka papo hapo kwamba kiendeshi kimekataa, akaanza kutafuta kingine. Haki ni kufungua kwanza programu ya evtest, kukichagua kifaa miongoni mwa mafaili ya /dev/input, na kugusa kioo: zikitokea adadi za ABS_X na ABS_Y, zikabadilika kadiri kidole kisogeavyo, basi kiendeshi kimetimiza wajibu wake wote, kwani huarifu mahali palipoguswa kiooni, wala hakina habari ya picha iliyogeuzwa.

Kilichosalia, yaani kuuoanisha mguso na picha iliyogeuzwa, chastahili jina lake, nami naliona ulinganishaji kuwa ndilo. Katika mfumo wa X, uonyeshao picha ndani ya Linux, hufanywa kwa jedwali la adadi 9, ambalo kwa asili husomeka 1 0 0, 0 1 0, 0 0 1, yaani kila mguso uachwe ulipo. Na kwa skrini iliyopinduliwa huandikwa, kwa amri ya xinput, -1 0 1, 0 -1 1, 0 0 1, ambapo kila kipimo, kikihesabiwa kuanzia 0 hadi 1, hutolewa katika 1, hata kushoto kukawa kulia na juu kukawa chini. Amri hiyo hupotea kompyuta izimwapo, kwa hiyo sharti jedwali liandikwe pia katika faili la mipangilio ndani ya xorg.conf.d.

Nawasihi waandishi wa miongozo wasiseme kiendeshi kina kasoro ila pale ambapo kioo kimeguswa na evtest isionyeshe kitu.