Barua Humfuata Anayetambuliwa

Ndugu msikilizaji, si jambo geni siku hizi, Kayanga au Nkwenda, kumkuta kijana aliyeomba kazi kwa njia ya mtandao akilalamika kwamba hakujibiwa. Ukimdodosa utagundua kuwa huenda jibu lilitumwa, ila anwani yake ya barua pepe alifunguliwa na mhudumu wa steshenari, na neno la siri hakuna alikumbukaye. Ili tuelewe kosa liko wapi, hebu turudi nyuma kidogo.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizotenganishwa mwaka 2012, zamani zilikuwa ndani ya ufalme mmoja, wenye makao yake Bweranyange. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika huko kwa mfalme Rumanyika, wakitaka kwenda Buganda. Hawakuruhusiwa kupita hivi hivi. Rumanyika aliwapokea, akawahoji, akajua ni akina nani na wanataka nini, ndipo akatuma mjumbe kwa Kabaka Mutesa kutoa habari zao. Januari 1862 wajumbe wa Mutesa, wakiongozwa na Maula, wakaja kumchukua Speke. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, akabaki nyuma.

Angalieni utaratibu ule. Maula hakuzunguka vilimani akiuliza mgeni yuko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwa Rumanyika, kwa sababu mgeni alikwisha kutambuliwa, na mahali pake palijulikana.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1965, wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walitunga utaratibu wa namna hiyo hiyo. Kompyuta yao moja kubwa ilitumiwa na watu wengi. Mtu aliweza kumwachia mwenzake barua humo, na mwenzake alipoingia kwa jina lake na neno lake la siri, kompyuta ilimwarifu kuwa ana barua. Mwaka 1971 Ray Tomlinson akawezesha barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akitumia ile alama ya @ tunayoiona hadi leo.

Mifumo ya sasa ya kuombea kazi, mikopo au vibali inafuata njia hiyo. Unapojiandikisha, mfumo uliotengenezwa vizuri hukutumia kwanza barua ya kuthibitisha kuwa anwani ni yako. Ukishaingia kwa neno la siri, unatambuliwa. Ikitokea habari ya kukupa, mfumo hauulizi tena uko wapi. Huichukua anwani iliyomo katika kumbukumbu zako, huipanga barua kwenye foleni, kisha huituma. Kila mtu hupata barua yake peke yake, bila kuona anwani za wenzake.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msikilizaji. Mfumo haukujui kwa sura wala kwa ukoo. Aliyeshika neno la siri ndiye wewe. Ukimwachia mwingine anwani, umemfanya yeye kuwa Rumanyika wako, na wito wa usaili utafikia mlangoni pake.

Lakini wajibu si wa kijana peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu wazitunze na wazitumie kwa kusudi lililoelezwa. Mwenye mfumo hana budi pia kuweka njia rahisi ya mtu kubadili anwani iliyopotea.

Kwa hiyo, kijana wa Kyerwa, fungua anwani kwa mkono wako mwenyewe. Neno la siri lihifadhi mahali salama nyumbani, wala usimwachie mtu. Rumanyika alikuwa mwenyeji mwaminifu. Habari za wageni wake alizifikisha. Si kila mwenyeji ni Rumanyika.