Masafa ya Ujiji: Miezi ya Msafara na Saa Mbili za Ndege

Mtu huweza kuswali Adhuhuri Dar es Salaam, akapanda ndege, na Alasiri ikamkuta Kigoma. Kwa njia ya anga masafa ni yapata kilomita 1,070, na ndege iendayo moja kwa moja huyakata kwa muda wa saa mbili hivi. Hakuona jua kali wala kiu. Ndipo maimamu wetu huulizwa: huyu naye ana haki ya kupunguza swala?

Tuwatazame kwanza waliotangulia. Njia ya misafara ilianza Mrima, ikapita Ugogo na Tabora, ikaishia Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, na njia yenyewe hawakuivumbua wao. Walifuata nyayo za Wanyamwezi na za wafanyabiashara Waislamu. Wasafiri wa zama hizo walihitaji fiqhi kila siku. Msafara ukikwama Tabora kwa kukosa wapagazi au kwa vita, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza swala. Ama anayetazamia kuondoka leo au kesho, huendelea kupunguza hadi siku 18 katika madhehebu ya Imamu Shafii. Kisha reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Hukumu haikubadilika. Kinachozingatiwa kwa Mashafii ni masafa: marhala mbili, yaani maili 48 za kale, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mwenye kuyakata masafa hayo kwa muda mfupi hupunguza vilevile. Ndege haikuwapo, lakini jibu lake lilikuwapo. Taabu ni hekima ya ruhusa, si sababu yake. Sayyidna Umar (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kupunguza hali amani imekwisha kupatikana, alijibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Allah, basi ipokeeni.

Kwa hiyo mgeni wa siku mbili Kigoma huswali Alasiri rakaa mbili. Mwenyeji wa Ujiji arejeaye kwake huswali nne, kwani safari yake imekwisha.

Lipo jambo zito zaidi ambalo wengi hulipuuza. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua halifuati saa. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi tisa na nusu, na kila uzio ni dakika nne. Hivyo jua huzama huko dakika 38 hivi baadaye. Anayefungua saumu Kigoma kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam amekula mchana, na akiswali Alfajiri kwa adhana hiyo ameswali kabla ya wakati. Abiria aliye angani naye hafungui madhali analiona jua dirishani, hata kama saa yake inamwambia kwamba Dar es Salaam wamekwisha kufuturu.