Kwa Mganga ni Wapi? Tiba Asili na Majina Yake Rusizi

Mwanafunzi wa hapa Rusizi akiandika katika insha kwamba mgonjwa alipelekwa "kwa mganga", ana maana ya kituo cha afya. Kwa Kinyarwanda "kwa muganga" ni hospitalini. Msomaji wa Dar es Salaam, kinyume chake, ataelewa kwamba mgonjwa alipelekwa kwa mtu wa mitishamba, pengine hata kupigiwa ramli. Sisi walimu tumezoea kulisahihisha neno hili kwa kalamu nyekundu na kupita. Lakini nyuma yake kuna historia ya tiba, na leo tungependa kuigusia.

Wahindi wana Ayurveda. Tiba hiyo ilihifadhiwa katika vitabu vya Kisanskriti vinavyonasibishwa na Charaka na Sushruta, na walioifufua katika karne ya 20 walikuwa na maandishi ya kurejea. Mwaka 2014 serikali ya India ikaiundia wizara, pamoja na tiba nyingine za jadi. Wanyarwanda hawakuwa na kitabu. Elimu ya mvuzi ilikaa kichwani mwake, akamrithisha mwanawe, mara nyingi kwa siri. Kilichoibeba ni majina: jina la mti, la ugonjwa, la namna ya kuandaa dawa.

Majina hayo yalikuwa na mpangilio. Umuvuzi ni anayetibu, kutokana na kitenzi kuvura. Umupfumu ni mpiga ramli. Wamisionari walipofika (hapa kwetu misheni ya Mibirizi ilifunguliwa mwaka 1903), mara nyingi waliwatia wote wawili katika kapu moja la ushirikina. Muganga akabaki kuwa jina la heshima la daktari wa hospitali. Tukumbuke, kwa kupita tu, kwamba umubirizi ni mmea wenye majani machungu unaotumika sana kwa homa na tumbo, na wingi wake ni imibirizi!

Ufufuo ulianza baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambao ulitambua nafasi ya waganga wa jadi katika afya ya msingi. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, kilikuwa na kituo cha kutafiti dawa za asili, CURPHAMETRA. Watafiti wa Butare waliuchunguza umuravumba, ambao kila bibi hapa anaujua kwa kikohozi, na kemikali moja iliyopatikana katika majani yake ikaitwa umuravumbolide. Neno la Kinyarwanda likaingia hivyo katika majarida ya kemia duniani.

Baadaye kituo hicho kiliwekwa chini ya taasisi ya utafiti ya IRST, iliyoundwa mwaka 1989. Ni IRST hiyohiyo iliyoshirikiana na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kutoa kamusi kubwa ya Kinyarwanda mwaka 2005. Dawa na kamusi chini ya paa moja: sisi hatuoni ajabu. Kati ya miaka hiyo miwili yalitokea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na katika familia nyingi aliyejua alikufa kabla ya kumfundisha mtoto.

Hatusemi kwamba kila jani linaponya. Mitishamba mingine ni sumu, na kipimo kikizidi kinaua. Hapo ndipo jina linapokuwa jambo la uhai. Mmea mmoja huweza kuwa na jina la Kinyarwanda huku, la Kimashi ng'ambo ya mto Rusizi, na lingine kabisa katika Kiswahili cha vitabu. Tena jina moja huweza kushikwa na mimea miwili. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini mwaka 2017, tafsiri za mambo ya afya zinatuhusu moja kwa moja.

Hivyo basi, wanafunzi wanaokwenda likizo Bugarama, Nkanka au Bweyeye tunawaomba wakae na wazee na daftari mkononi. Waandike jina kama linavyotamkwa, sehemu inayotumika (jani, gome au mzizi), na ugonjwa unaotajwa. Jina la Kiswahili likikosekana, wasibuni "mti wa kikohozi". Waache la Kinyarwanda lilivyo, na waweke tawi lililokaushwa kati ya kurasa.