Picha za Vita Katika Matangazo ya Reli

Picha ya kale ni shahidi, na shahidi yeyote hana budi kuulizwa maswali mawili: Je, uliona kwa macho yako? Na nani aliyekuleta hapa? Tutazame mfano mmoja kutoka Marekani.

Reli ya Western & Atlantic ilijengwa na jimbo la Georgia. Ilitoka Atlanta mpaka Chattanooga, mwendo wa maili 138. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, ambavyo asili yake ilikuwa utumwa, reli hiyo ilipiganiwa sana. Mwaka 1864 Jemadari Sherman wa Kaskazini aliifuata kuelekea Atlanta, kwa maana chakula na risasi za askari wake vililetwa kwa gari la moshi. Watu wa Kusini walimkabili huko Resaca, kisha katika mlima wa Kennesaw. Hapo, tarehe 27 Juni, Sherman alipoteza askari wapatao 3,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa.

Mwaka 1886 damu ilikuwa imekwisha kukauka, na kampuni iliyokodi reli hiyo iliona faida katika makaburi. Ilitoa kitabu cha picha za vita vilivyopiganwa kandokando ya njia yake, ili kuwavutia abiria waende kuviona viwanja hivyo. Mtungaji wake, Joseph M. Brown, alikuwa ofisa wa reli hiyo hiyo. Baba yake alikuwa gavana wa Georgia wakati wa vita, na baadaye akawa mkuu wa kampuni hiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mchoraji alikuwa Alfred Waud, mzaliwa wa London, fundi hodari aliyechora vita vingi kwa macho yake. Lakini vita alivyoviona vilikuwa hasa vya Virginia. Wakati Sherman alipokuwa Georgia, Waud alikuwa mbali na jeshi lake. Milima aliijua baadaye. Moshi wa mizinga yake aliupata kwa masimulizi. Alifariki mwaka 1891 huko Marietta, karibu na Kennesaw, akiwa katika safari ya kuvizuru viwanja vya vita.

Je, tuzitupe picha hizo? La. Zatufunza jambo la kweli, ila si lile tulilolitazamia. Kuhusu mwaka 1864 ushahidi wao ni wa kusikia. Kuhusu mwaka 1886 ni wa kuona. Muuza tikiti humtaka abiria wa Kaskazini na wa Kusini pia, basi husifu ushujaa wa wote wawili, wala hana haja ya kuuliza kwa nini walipigana. Swali la utumwa haliuzi tikiti.

Kwa hiyo, mwanafunzi, uonapo picha ya vita, usiishie kutazama bendera na farasi. Soma na maandishi madogo yaliyo chini yake, upate kujua nani aliyelipa.