Gobore la Darini

Siku hizi ukimwita mwanamume gumegume, kila mtu anakuelewa: hana faida nyumbani, hela hatoi, kazi hafanyi. Wachache wanakumbuka kwamba gumegume ni bunduki, ile ya zamani iliyowashwa kwa cheche za jiwe, ambayo ikinyeshewa mvua unafyatua inasema "tak" halafu basi. Neno limebaki kwenye midomo ya watu, bunduki yenyewe imesahaulika. Mimi nililikumbuka mwaka juzi nikiwa darini kwenye nyumba ya babu, nje kidogo ya Tabora, tulipokuwa tunatoa vitu kabla ya kuibomoa.

Lilikuwa limeviringishwa kwenye gunia la katani, nyuma ya mizinga ya nyuki iliyokufa. Refu, karibu linifikie kidevuni. Mtutu ulikuwa na kutu nyekundu inayomomonyoka, kitako kimeliwa na mchwa upande mmoja. Shingoni, pale mbao ilipovunjika zamani, mtu alikuwa amevalisha ngozi mbichi, akaishona, ikakaukia na kukaza kama plasta. Juu ya kitako kulikuwa na misumari midogo ya shaba iliyopangwa mstari, mingine imeng'oka. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona babu akilishika.

Jioni ile maoni yalikuwa matatu. Mdogo wangu, ambaye ni fundi pikipiki, alitaka kulisugua, alipake vanishi, litundikwe sebuleni kwenye nyumba mpya. Baba mdogo alitaka liuzwe. Alikuwa anamfahamu bwana mmoja anayezunguka vijijini kutafuta "mali ya Mjerumani": rupia, makopo yaliyofukiwa, chochote chenye herufi za kizungu. Huyo bwana, kwa simu tu, kabla hata ya kuliona, alishataja laki nne. Mimi nilisema tuliache lilivyo, na kusema kweli sikujua nina maana gani. Shangazi hakusema kitu. Alikuwa jikoni anapika.

Asubuhi nikaamka nimechelewa. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kazi na msasa na dizeli, na pale kwenye bamba la mtambo, ubavuni, palikuwa panang'aa kama sufuria mpya. Nilimfokea, akanifokea. Lakini kwenye mtutu, karibu na tako lake, alikuwa bado hajafika, na pale chini ya kutu kulikuwa na alama ndogo ya umbo la yai, ndani yake herufi tatu: E, L, G.

Hizo herufi nilizijua kutoka vitabuni. Ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, ambako kila mtutu ulipigwa baruti nyingi kuliko kawaida kuona kama utapasuka, na usipopasuka ukagongwa muhuri. Muhuri huo wa yai ulianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1893 wakauongezea taji juu. Letu halina taji. Kwa hiyo mtutu ulipita Liège kabla ya 1893, na mali ya Mjerumani ya baba mdogo ikawa mali ya Mbelgiji. Hakufurahi.

Gobore la Ubelgiji lilifikaje Unyamwezi? Jibu lake ni la biashara zaidi kuliko la vita. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha kila baada ya miaka michache. Katika miaka ya 1840 waliacha jiwe wakahamia kwenye fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachogongwa na nyundo. Katika miaka ya 1860 na 1870 wakaacha kabisa kushindilia kwa mdomo, wakachukua bunduki zinazojazwa kwa nyuma: Snider kwa Waingereza na Chassepot kwa Wafaransa mwaka 1866, Mauser kwa Wajerumani mwaka 1871. Kila walipobadilisha, walibaki na malundo ya bunduki wasizozihitaji. Na pembeni ya hayo malundo, Liège na Birmingham walikuwa na mafundi waliotengeneza za bei rahisi kabisa kwa ajili ya soko la Afrika, nyingine zimegongwa neno TOWER zifanane na za jeshi la Mwingereza. Mitumba, kama tunavyoijua leo, haikuanza na nguo.

Kutoka Ulaya zilishuka Zanzibar, zikavuka Bagamoyo, zikapanda barabara ya misafara mpaka kwetu. Mzigo wa kurudi ulikuwa pembe za ndovu. Bunduki ililipa hongo kwa watemi, ilinunua pembe, ililinda msafara, na ilipiga salamu. Msafara ulioingia mjini kimyakimya ulidharauliwa. Stanley mwenyewe alipofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, watu wake waliingia wakifyatua hewani. Mwaka huohuo Mirambo alikuwa anapigana na Waarabu wa Tabora, akiwa na rugaruga wenye bunduki za namna hii. Na Januari 1893, hapahapa Unyanyembe, Mtemi Isike alipoona Wajerumani wameingia kwenye boma lake, aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani.

Kwenye familia yetu husemwa kwamba gobore hili lilikuwa la rugaruga wa Mirambo. Alama haikanushi, wala haithibitishi. Ila mtambo unasema jambo moja ambalo hadithi ya nyumbani haisemi. Juu ya bamba, upande ambao msasa haukufika, kuna matundu mawili yaliyozibwa kwa chuma. Hapo ndipo palikuwa na kisahani cha baruti cha bunduki ya jiwe. Maana yake gobore hili lilizaliwa gumegume, kisha mtu, huko Ulaya au njiani, akaligeuza kuwa la fataki. Mdogo wangu angemaliza kazi yake, matundu hayo yangepotea, na sisi tungebaki na kitu kizuri cha kutundika.

Nimetaja jiwe kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakaandika mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake yakapiga marufuku kuingiza bunduki katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa masharti. Moja ya walichoachia kilikuwa bunduki za jiwe zenye mtutu laini ndani, na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika aliruhusiwa kubaki na gumegume, wakati askari wa Mjerumani aliyekuwa anakuja kwake alikuwa na Mauser. Nikisikia mtu anacheka magobore ya wazee wetu, eti hawakujua kuendelea, namkumbusha Brussels. Kuna walioandika kwa kalamu kwamba wasiendelee.

Basi turudi uani. Nilipokuwa naangalia hayo matundu nikakumbuka kwamba hatukuwa tumefanya jambo la kwanza kabisa, ambalo linatakiwa kutangulia msasa, mnunuzi na historia. Gobore halina mlango wa nyuma wa kuchungulia. Njia ya kujua kama limeshindiliwa ni kuingiza mdeki mpaka ukome, uweke alama pale mdomoni, kisha uuchomoe na kuulaza nje ya mtutu. Ukifika mpaka usawa wa tundu la moto, mtutu mtupu. Ukipunguka, kuna kitu ndani.

Mdeki haukuwepo. Nikamwomba shangazi fimbo nyembamba ya chuma. Akatoka na kile chuma anachochochea kuni, chepesi, kirefu, kimepinda kidogo, ambacho nimekiona jikoni kwake tangu utoto. Akakipangusa majivu kwa kanga, akasema, "Si ndiyo wake huu? Babu yenu aliniachia."

Ukaingia wenyewe. Niliweka alama kwa mkaa, nikauchomoa, nikaulaza nje. Ulipunguka vidole vinne.

Watoto wa baba mdogo walikuwa wamekaa mbele ya ule mtutu muda wote wakiangalia kazi. Mdogo wangu aliweka msasa chini, akaenda kukaa mbali, hakuongea mpaka adhuhuri. Baruti nyeusi ikikaa kavu haiozi. Inaweza kungoja miaka mingi, na darini kwa babu palikuwa pakavu. Kitu pekee kilichokuwa kinatukinga ni kwamba hapakuwa na fataki juu ya chuchu ya mtambo, na sisi hatukuwa tumelijua hilo wakati tunalitupa chini kutoka darini.

Nikalilaza ukutani, mdomo umeelekea kwenye udongo, tukamwita mwenyekiti wa mtaa. Hapo suala la kuuza likafa lenyewe. Baba mdogo aliendelea kusema kwamba hicho ni chuma chakavu, siyo silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi nafasi hiyo: bunduki bila leseni ni kosa, na marehemu haachi leseni kwa watoto wake kama anavyoacha shamba. Nami nilikuwa na tumaini langu la kisomi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Lakini nani angeapa kwamba letu ni la kabla ya 1863? Liège waliendelea kuiuzia Afrika bunduki za namna ileile miaka mingi baadaye. Kitu kimoja, sheria mbili, na katikati yake muhuri usio na tarehe. Halafu hata kama lingekuwa la kale, sheria hiyo nayo hairuhusu kumuuzia bwana wa mali ya Mjerumani.

Serikali miaka ya karibuni imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, usishtakiwe. Kilichonitia hofu ni kinachofuata baada ya hapo. Novemba 2016 wenzetu wa Kenya walichoma moto zaidi ya bunduki 5,000 pale Ngong, na nakubaliana nao. Ukikaa kwenye vijiji vinavyovamiwa huwezi kuhuzunikia bunduki. Magobore ndiyo yanayoua tembo na swala kwenye mapori yetu mpaka leo. Lakini kwenye lundo lolote la namna hiyo kunaweza kulala kitu kama letu, na moto hausomi mihuri.

Usiku ule nikamwambia shangazi kwamba labda tulifiche tu, tulipake mafuta, tuone baadaye. Ndipo aliposema. Hakupandisha sauti.

"Mama yake babu yenu mnamjua alitoka wapi?"

Nikasema Manyema.

"Hakutoka. Aliletwa. Alikuwa mtoto wa kuota meno ya pili. Aliletwa na watu wenye vitu kama hicho, na alizeeka kwenye nyumba yenye kitu kama hicho darini. Leo mnakisugua kama sahani ya harusi."

Kwenye hadithi za ukoo tulikuwa tunaambiwa bibi huyo "aliolewa kutoka Manyema", na sikuwahi kuuliza nani alipeleka posa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Shangazi alimkuta bibi yake akiwa hai, amepakatwa naye. Sijui kama gobore letu ndilo lililotembea kwenye msafara ule, na yeye hakusema ni lile. Alisema "kama hicho". Nimeona tofauti hiyo ni kubwa, na nimeiheshimu hapa.

Mwisho uamuzi ulikuwa wa kwake, sisi tukafuata. Likabidhiwe. Lisisuguliwe tena. Na liandikiwe barua.

Askari waliokuja walikuwa wavumilivu kuliko nilivyotarajia. Mmoja, mtu mzima, alimimina maji mdomoni na kwenye tundu la moto, akaacha lilowe hadi jioni, kisha kwa msumari wa skrubu alioufunga kwenye waya akavuta taratibu. Kilitoka kitambaa cheusi, nadhani kaniki, halafu vipande vya nondo vilivyokatwa kwa patasi, saba, halafu tope la baruti. Alivihesabu, akaviandika.

Barua niliiandika mimi: kurasa mbili, picha za muhuri, za matundu yaliyozibwa, za ngozi shingoni. Niliomba kabla ya kuteketezwa lionwe na watu wa mambo ya kale, na kwamba likihifadhiwa lising'arishwe: brashi laini, mafuta kidogo kwenye chuma, nta, mahali pakavu, basi. Sehemu ya asili ya gobore niliandika mara tatu. Mara ya kwanza niliweka Mirambo. Mara ya pili nikamtoa. Mara ya tatu nikaandika kwamba lilipatikana kwenye nyumba ambayo mama wa mwenye nyumba aliletwa akiwa mtoto kutoka Manyema wakati wa misafara. Shangazi alinitaka nimsomee. Akasema niongeze jina lake, nikaongeza.

Nakala iliyogongwa muhuri ninayo. Jibu bado. Mara ya mwisho nilipopita, gobore lilikuwa ghalani, kibandiko kimefungwa kwa uzi kwenye ile ngozi, pande lililosuguliwa likiwa limeanza kushika kutu upya.

Mdeki hatukuukabidhi. Askari alimwuliza shangazi kile chuma ni cha nini, akajibu ni cha jikoni, na alikuwa anasema kweli.